Wimbo wa Kumlaza Bonge

Jumatatu, tarehe 6

Baba Bonge karudi kutoka redioni uso umemshuka. Tangu wimbo wake wa mvua upigwe marufuku — ati kwa nini aseme paa linavuja, nyumba si za serikali? — gitaa halijashikwa. Leo Mkaguzi wa Nyimbo kampa nafasi ya mwisho: alete wimbo wa kufurahisha nchi, la sivyo bendi ya redio aisahau. Nikamwambia, si upeleke ule wangu wa kumbembeleza mtoto? Akacheka. Halafu akachukua gitaa.

Jumatano, tarehe 8

Wimbo umerudishwa. Kila penye "lala" Mkaguzi kakata kwa wino mwekundu. Ati taifa linajengwa, nani anaambiwa alale? Tuweke "amka". Na penye "mama yuko hapa" tuweke "Kiongozi yuko hapa". Mama mkwe kasikia, kauliza basi huyo Kiongozi anafika saa ngapi, maana nepi zimejaa beseni. Nimecheka mpaka maziwa yakanitoka.

Alhamisi

Nimeimba "amka, amka mwanangu". Bonge kalala fofofo. Yeye anafuata sauti tu, maneno atayajulia wapi, roho yangu. Baba yake kasema tusimwambie mtu.

Jumamosi, tarehe 11

Naandikia studio, daftari nimelitia kwenye mfuko wa nepi. Wimbo umekubaliwa! Unakwenda hewani moja kwa moja, taarifa ya habari ikiisha. Ila Mkaguzi kaamuru mtoto awepo, awe macho, wananchi wamsikie akishangilia. Kampakata mwenyewe tufanye mazoezi.

Nikaimba. Ubeti wa kwanza, Bonge kalala. Ubeti wa pili, Mkaguzi kalala.

Anakoroma. Maikrofoni iko pale pale puani. Udenda wa mwanangu umelowesha tai yake yote.

Mtangazaji ananinong'oneza, "Dada, mwamshe." Nikamwambia mwamshe wewe kaka, bosi ni wako. Kasema yeye ana watoto. Mimi je? Wangu si huyo hapo kakumbatiwa?

Nimemvuta Bonge taratibu, yule mzee akazidi kumkumbatia. Baba Bonge anakaza waya wa gitaa uliokwisha kazwa. Jasho linamtiririka, ila naona anazuia kicheko, na mimi sitaki kumtazama.

Habari zimefika kwenye hali ya hewa. Baada ya hapo ni sisi. Mtangazaji anasema niimbe chochote cha kuwaamsha.

Nina ruhusa ya wimbo mmoja tu.