Darubini Niliyoivalisha Ngozi

Mwananyamala, Jumamosi, Novemba 1994

Mvua ya vuli imenyesha asubuhi, halafu likaja joto la kunata. Mikono nimeinawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia, na bado nahisi gundi vidoleni. Sina homa. Ni kinyaa tu.

Acha niandike, labda nitapata usingizi.

Wiki tatu zilizopita alikuja Bwana Kitwana kwenye kibanda changu cha useremala pale barabarani. Huyu ndiye anayeleta majokofu na televisheni kutoka Dubai, na ndiye mwenye ghorofa, la kwanza mtaani kwetu. Mkononi alikuwa na darubini mpya, nyeusi, mwili wa mpira, vioo safi kama maji ya dafu. Akasema hii kitu inafanana na ya askari wa doria, yeye ya kutazamia meli anataka iwe ya mtu mwenye hadhi yake. Mie seremala, lakini ngozi naijua pia, nilijifunza kwa marehemu baba kule Newala.

Kwanza alitaka dhahabu. Dhahabu mwili mzima, halafu juu yake madoadoa ya chui! Nikamwambia bosi, ukifanya hivyo watu watakucheka. Tukabishana weee, mwisho akaniachia mie nichague.

Nami nikachagua kama ninayeozesha binti. Ngozi ya mbuzi kwenye mwili, pete za shaba kwenye shingo zote mbili, na vifuniko vya vioo vya mpingo vilivyotandikwa mahameli ndani visikwaruze. Mkanda wa shingoni nikausuka nyuzi nne. Nikatengeneza na kisanduku cha mninga, jina lake nimelichonga kwenye mfuniko, msasa mpaka mbao ikawa laini kama shavu.

Rangi ya ngozi ilinishinda. Nikavibeba vipande nyumbani, kwetu ni huko nyuma ya mtaa, nikampa mke wangu Somoe, maana jicho la rangi analo yeye. Akasimama uani juani, akavigeuzageuza, kahawia akaitupa, kijani akaitupa, akabaki na damu ya mzee. Akasema hii ndiyo ya mtu mzima anayejiheshimu.

Anayejiheshimu!

Kitu cha mwisho kilikuwa stendi ya kuwekea darubini dirishani, isimchoshe mikono. Hapo ndipo ningeamka, kama ningekuwa na akili. Alisema kichwa cha stendi kiiname vidole vitatu. Nikamuuliza, bosi, si unaangalia meli? Meli huwaga mbali, mtu unatazama mbele, hutazami chini. Akanijibu, wewe fundi inamisha tu. Nikainamisha. Nilikata ile pembe kwa mkono wangu huu, nikaipima mara mbili nisikosee.

Leo jioni nimekwenda kuifunga. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ghorofani kwake. Kufika dirishani nikashangaa kidogo, maana dirisha limeipa bahari mgongo, linatazama uani kwetu sie wa nyuma. Nikasema labda wenye nazo wana mambo yao. Nikakaza skrubu, nikaweka darubini, nikaweka jicho nione kama imekaa sawa.

Nikaona mswaki wangu.

Mswaki wangu wa kijani, nimeuchomeka kwenye fito za bafu letu. Pembeni kopo la kuogea, na kipande cha sabuni juu ya tofali. Karibu kabisa, ungesema nanyoosha mkono nauchukua.

Sie huku ukuta wa bafu tunaupima kwa mtu anayepita njiani. Fito na makuti mpaka juu ya kichwa, basi, umesitirika. Juu tumemwachia Mungu, hakuna aliyewahi kufikiria kuezeka. Baba mwenye nyumba hakufikiria, na mie seremala mzima sikufikiria, hata ghorofa lilipoanza kupanda na sote tukawa tunasimama chini kulisifia.

Nikageuza kidogo, bafu la Mama Zaituni. Kidogo tena, la yule mjane wa mwalimu. Yote wazi kama sahani mezani. Nikarudisha kwetu, na hapo Somoe akaingia na ndoo, akatundika kanga yake ya buluu kwenye mti, akainama kuchota maji. Niliondoa jicho haraka. Mimi ni mume wake, na niliona aibu kama mwizi.

Bwana Kitwana akawa amefika nyuma yangu, sikumsikia. Akanipiga bega.

"Umeona, fundi? Saa kumi na moja wanaanza kuoga, mmoja mmoja. Televisheni gani ya Dubai itaishinda hiyo?"

Hajui ninakoishi. Hajui kuwa anamsema mke wangu. Na mie, daftari, nitakwambia wewe kwa sababu kwa mdomo siwezi kulitoa: nilicheka. Nilicheka naye, kile kicheko cha fundi kwa tajiri, he he, bosi bwana. Kilitoka chenyewe kabla sijajua nacheka nini. Jana tu alikuwa ameniahidi milango yote ya nyumba anayojenga Tegeta. Sijui ndiyo sababu au ni woga tu. Vyote viwili vinanuka.

Halafu akaniletea soda baridi. Nikainywa.

Nilichoweza kufanya ni kudanganya. Nikamwambia stendi imekaa vibaya, na kisanduku kinataka mkono wa mwisho wa vanishi, nivichukue vyote pamoja na darubini, nimrudishie Jumatatu. Akasema sawa, ila usichelewe. Mshenzi yule! Nikashuka ngazi na mzigo wangu kwapani, na kila niliyempa salamu njiani sikuweza kumtazama usoni. Mama Zaituni akaniitikia vizuri, akaniulizia na watoto. Ningemwambia nini?

Nyumbani nikamkuta Somoe anachambua mchele, nywele bado zina maji. Nikakaa. Nikamweleza yote, mpaka kicheko. Nilidhani atalia au atanitukana, na nilitaka anitukane. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akauliza swali moja.

"Na ile rangi niliyokuchagulia, ndiyo uliyoweka?"

Nikasema ndiyo. Akaomba aione. Nikafungua kisanduku, akaitazama bila kuigusa, akasema umeipatia kweli, imekaa. Nikatamani ardhi ipasuke.

Akafunga mfuniko mwenyewe. Akaenda kwa Mama Zaituni, kisha kwa mjane wa mwalimu. Alirudi amekwishapanga. Jumatatu haisubiriwi. Kesho asubuhi, Jumapili, Bwana Kitwana akiwa nyumbani na wageni wake, watavaa mitandio wote watatu, wabishe hodi mlango wa mbele, na darubini wamkabidhi mkewe mkononi.

"Nitamwambia, dada, mumeo alisahau kitu chake bafuni kwetu."

Nikamuuliza, na mie? Na milango ya Tegeta? Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nimweleze.

"Wewe utabeba stendi. Ukiulizwa, utaeleza kwa nini umeiinamisha."

Sasa amelala, amenipa mgongo. Stendi iko hapa mezani mbele yangu. Msumeno ninao, ningeweza kuikata vipande hata sasa nikasema imeanguka. Lakini pembe niliipima mie.

Kesho nitaibeba. Sijui kama sauti itatoka, ila kicheko hakitatoka tena.