Gunia Juu ya Ubao

Kaka Bakari,

Nimekasirika na wewe, na sijui kama inafaa kumkasirikia maiti. Kila siku nakuombea dua baada ya swala. Lakini leo nimeshika kalamu nikuulize: kwa nini ulisimama chini, mwishoni mwa ule ubao, ilhali ulijua?

Ulijua. Wewe ndiye uliyenifundisha msuguano, hapa hapa nyumbani Msambweni, siku niliyorudi kutoka shuleni nalia. Mwalimu alikuwa ameeleza yote kwa Kiingereza, na mimi niliona haya kuuliza. Ulisukuma sinia sakafuni kwa kidole. "Mishi, tazama, sakafu inalizuia. Chukua uzito unaoibonyeza sakafu, uzidishe kwa namba ya msuguano, basi. Kila vitu viwili vinavyogusana vina namba yake." Kisha ukanicheka: "Mbona unaogopa hesabu? Itakung'ata?"

Sasa nimemaliza shule, na hesabu imening'ata.

Salimu, mwenzako wa kazi, alinieleza yote. Asubuhi ile kulinyesha kule Diani, na lori lilileta jenereta kwenye ile nyumba ya wageni mliyokuwa mkiijenga. Ulikuwa umepigilia gunia juu ya ubao wa kuteremshia, kama kawaida yako, ili mzigo usishuke mpaka usukumwe. Msimamizi akasema, "Hili gunia linatuchelewesha. Mwenye nyumba anafika saa nane. Toa, mzigo uteremke wenyewe." Ukamwambia, "Bosi, ubao umelowa." Akakujibu, "Kwani wewe ni injinia?" Watu wakacheka. Salimu anasema hata wewe ulicheka. Ukaling'oa gunia kwa mikono yako, ukaenda kusimama chini kuupokea mzigo, nao ukateleza ukakuangukia.

Ungekuwa hai ningekupiga kwa kile kicheko.

Nilipopata nguvu nilitafuta namba zako. Nililoweka kipande cha ubao, nikaweka pasi ya makaa juu yake, chuma kwa mbao, nikainua upande mmoja mpaka pasi ikaanza kuteleza. Kisha nikatandika gunia, nikainua tena; mwinamo pasi inapoanza kuteleza ndio unaotoa namba. Jenereta ilikuwa kilo mia tatu, yaani nguvu ya nyutoni elfu tatu. Kwa mwinamo alionipimia Salimu, nyutoni elfu moja na mia mbili zinaivuta kuteremka, na elfu mbili mia saba na hamsini zinaubonyeza ubao. Penye gunia namba ni nusu hivi, kwa hiyo msuguano unafika elfu moja mia tatu na sabini na tano. Haiendi popote. Ubao mtupu uliolowa, namba ni moja ya tano tu. Msuguano ni mia tano na hamsini. Zinabaki nyutoni mia sita na hamsini zisizo na wa kuzizuia.

Mia sita na hamsini, Kaka. Huo ni uzito wako wewe.

Siku ya hitima yako msimamizi alikuja. Alikaa mkekani na wanaume, Salimu na wenzake wakiwemo, akapewa kahawa, akamwambia Ami Suleimani, "Mzee, mzigo ule ulikuwa mzito mno, gunia lisingeuzuia. Wenzake waliruka. Kijana alizubaa." Na Ami, ndugu ya baba yetu mwenyewe, akaitikia, "Ndiyo kadari. Mtoto alizubaa."

Alizubaa! Na Jumatatu Salimu na wenzake walikuwa wateremshe vigae kwa ubao ule ule, mtupu.

Unanijua. Hata shikamoo yangu watu huniomba niirudie. Nilibeba ubao, pasi, gunia na kopo la maji, nikatoka uani. Mama akaita, "Mishi, huko kwa wanaume unatafuta nini?" Niliumwagia ubao maji, nikaweka pasi, nikainua. Ikateleza. Nikatandika gunia, nikainua hadi mwinamo wa lori. Ikatulia.

Msimamizi akacheka. "Sasa huyu msichana analinganisha jenereta na pasi!"

Nililingoja neno hilo. Niliifungua pasi nikaijaza mawe mpaka Salimu akainyanyua kwa mikono miwili. Juu ya ubao mtupu ilianza kuteleza pale pale ilipoanza ikiwa tupu. Juu ya gunia ilitulia vile vile. Ndipo sauti ikanitoka, mbaya, inatetemeka. "Uzito ukizidi, kinachovuta kinazidi, na msuguano nao unazidi, sawasawa. Hata lingekuwa lori zima. Kaka hakuzubaa. Mlitoa gunia."

Kisha Salimu akasema, "Jumatatu mimi sisimami chini bila gunia." Mwingine akasema, "Wala mimi." Msimamizi akaweka kikombe chini, akaaga.

Ami alinigombeza kwa kumwaibisha mgeni. Lakini tangu siku ile, akiulizwa habari zako, hasemi tena kwamba ulizubaa. Anasema walitoa gunia.

Jumatatu nilipanda tuktuk hadi Diani, nikasimama ng'ambo ya geti. Gunia lilikuwepo, limekunjwa mara mbili na kupigiliwa misumari. Vigae vilishuka polepole, kwa kusukumwa, na Salimu alivipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Nilidhani nitafurahi. Nililia kwa hasira, kwa sababu kulipigilia ni kazi ndogo kiasi hicho.

Mola akulaze pema, Kaka, na akupanulie kaburi lako. Haya zangu siwezi kukuahidi kwamba zitaisha. Ninachokuahidi ni hiki: nikijua kwamba kitu kitamwangukia mtu, nitasema, na wakinicheka nitasema mara ya pili. Wewe ulisema mara moja tu.

Mdogo wako,
Mishi