Kibuyu cha Chebet na Meli za Waingereza

Jumatatu, 5 Aprili 1982

Nimekamua mapema. Mvua imeshika, matope mpaka mlangoni. Maziwa nimepeleka Munyaka kwa Mama Njeri, mwenye duka. Redio yake ilikuwa juu kabisa. Waingereza wanatuma meli za vita. Ati Ajentina wamechukua visiwa vyao, huko mwisho wa dunia. Watu dukani wanabishana utafikiri meli ni zao.

Chebet wangu anaenda Uingereza mwisho wa Mei. Kusomea unesi, miaka mitatu. Pasipoti imetoka.

 Nimetembea haraka mpaka nyumbani Kapseret.

Alhamisi, 8 Aprili

Chebet ameuliza kama nimeanza kutayarisha kibuyu. Nikasema bado, mkaa umeloa.

Mkaa haujaloa. Uko juu ya jiko, mkavu.

Kwetu mtoto haendi safari ndefu hivi hivi. Mama anasugua kibuyu kwa mkaa wa mti, anatia maziwa, yanalala siku kadhaa mpaka yaive. Mtoto anakunywa mkononi mwa mama yake, wazee wanambariki, ndiyo anaondoka. Bila hayo maziwa Chebet hatatoka kwangu. Namjua. Ana vyeti, lakini mila anashika kuliko mimi.

Basi kibuyu kiko ukutani. Kikae hapo.

Jumatano, 14 Aprili

Dukani tena. Nimekuwa mtu wa redio. Zamani nilikuwa naacha maziwa naenda.

Mambo ya serikali yetu hakuna mtu anaongea pale dukani. Mtu akianza, Mama Njeri anakohoa, anaanza kufuta mizani. Lakini serikali ya Waingereza! Hiyo wanaipasua kama kuni. Mzee mmoja wa kushona viatu anasema mwaka jana tu walisema meli ni nyingi, zinakula pesa, zipunguzwe. Sasa wanazitafuta zote, hata meli za watalii wanachukua.

"Ni kama wewe, Mzee," Mama Njeri akamwambia. "Uliuza koti kiangazi, sasa unaazima la bibi yako."

Tukacheka. Mimi pia nikacheka. Halafu redio ikasema meli moja itakuwa hospitali, na manesi wanapanda.

Manesi.

Nilisahau mtungi kwa duka.

Alhamisi, 15 Aprili

Sijalala. Naandika hapa kwa sababu mwalimu wa gumbaru, shule yetu ya watu wazima, alisema andikeni kidogo kila siku, hata kama ni uchungu. Aliposema uchungu sidhani alikuwa na maana ya hii.

Baba yangu alichukuliwa na Waingereza kwenda Burma nikiwa bado mgongoni. Hakurudi. Hata uso wake sina. Nimeambiwa alikuwa na meno mazuri. Hiyo tu.

Waingereza wakipigana wanachukua watu wetu. Hiyo siyo mambo ya redio. Hiyo naijua.

Jumapili, 18 Aprili

Nimemwambia Chebet baada ya kanisa, tukiwa tunachambua mboga. Asiende. Angoje vita viishe.

Alinishika mkono na sukuma zikiwa ndani. "Mama, wanaoenda ni wanajeshi wao. Mimi ni mwanafunzi tu."

Nikamwambia babu yake pia hakuwa mwanajeshi mpaka siku ile walipomchukua.

 Akingoja nafasi yake itapewa mwingine, akasema. Sauti ndogo sana. Amesoma kwa taa ya mafuta miaka yote hiyo, macho mekundu asubuhi, mimi ndiye nilikuwa nampangusa. Najua anachotaka. Ndiyo maana inauma.

Baba Chebet alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Muache mtoto apumue."

Nilimkasirikia mpaka jioni. Halafu nikampa chai ya kwanza.

Jumanne, 27 Aprili

Waziri mkuu wao ni mwanamke. Na ni mama. Natamani ningekaa naye jikoni dakika kidogo. Ningemuuliza, mama, pesa za hospitali mnasema hakuna, za meli zimetoka wapi? Mimi nikikosa sabuni sinunui kofia.

Lakini labda yeye pia halali. Watoto wa watu wako kwenye maji.

Nchi za Ulaya zimesema ziko pamoja naye, hazitanunua vitu vya Ajentina. Mzee wa viatu anasema Waingereza waliingia hilo Soko la Ulaya, na sasa wengine huko kwao wanataka watoke. Hawajui wanataka nini, anasema. Mama Njeri anasema ni kama chama cha akina mama: kila mtu analalamika na hakuna anayetoka.

Chebet ameshona vifungo vya koti lake la safari. Koti zito. Linamzidi mabega.

Alhamisi, 6 Mei

Meli ya Waingereza imechomwa. Watu wamekufa. Kabla yake ile ya Ajentina ilizama na watu wengi sana. Dukani hakuna aliyebishana leo. Mama Njeri, ambaye ana mdomo kuliko watu wote wa Munyaka, alizima redio mwenyewe. Akanishika bega. "Mama Chebet, keti." Akanipa soda, akakataa nilipe.

Nimeogopa. Nimeogopa. Nimeogopa.

Jumapili, 9 Mei

Chebet haulizi tena habari ya kibuyu. Anapita chini yake akiinama, na kibuyu kiko juu, hakimfikii. Baba yake anakiangalia kisha ananiangalia.  Nyumba nzima inajua ninachofanya na hakuna anayesema.

Bora Chebet angenipigia kelele.

Jumatano, 19 Mei

Redio inasema nchi za Ulaya zimepiga kura, zimepandisha bei ya maziwa na nafaka. Waingereza walikataa, hawakusikizwa. Juzi juzi walikuwa marafiki wa vita, leo Ulaya imewashinda kwa maziwa.

Niliona haya kidogo kucheka. Lakini wakulima wa huko wana bahati. Hapa nani atapigania bei ya maziwa yangu?

Halafu nikafikiri, watu wakubwa hivyo, na meli zao zote, hata wao hawawezi kuzuia kila wanachokataa. Wamesema hapana na mambo yamekwenda tu.

Sikupenda hiyo fikira. Ilinifuata mpaka nyumbani.

Jumamosi, 22 Mei

Nimeenda Moiben kwa mama yangu. Nilienda anisaidie. Nilijua atakuwa upande wangu, mjane kwa sababu ya Waingereza.

Alikuwa anapukuchua mahindi ya mbegu. Nikamweleza yote. Meli, manesi, kibuyu. Nikasema sijasugua na sitasugua. Hakuniambia umefanya vizuri. Aliendelea kupukuchua, punje zinaanguka kwa sinia.

Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia tangu nizaliwe.

Baba alipoitwa, mama alimficha ghalani, chini ya magunzi. Na maziwa hakutayarisha. Alisema moyoni, nisipompa maziwa, hiyo siyo safari, hataenda. Watu wa chifu walikuja asubuhi. Walimtoa na vumbi kichwani. Aliomba hata maji. Walisema njiani atapata.

"Alienda na kiu," mama akasema. "Wewe unalia kwamba alienda. Mimi nalia hiyo kiu."

Akanipa sinia nishike. Tukamaliza mahindi. Mikono yake imekuwa mikavu sana, nimeipaka mafuta kabla sijaondoka.

Jumapili, 23 Mei

Sikuenda kanisani. Mungu anajua nilikuwa wapi. Nilichoma mti mwingine, nikasaga mkaa, nikasugua kibuyu ndani mpaka kikanukia. Nikatia maziwa.

Chebet alirudi, akasimama mlangoni. Aliona mikono yangu myeusi. Alikuja akaweka kichwa hapa shingoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, na amenizidi urefu. Nguo yangu ina mkaa. Koti lake la Jumapili pia.

Bado naogopa. Naandika ili nisije nikajidanganya. Vita havijaisha, na manesi wako kwenye maji. Ninaogopa vile vile kama jana.

Ijumaa, 28 Mei

Mama yangu amekuja kutoka Moiben. Mama Njeri naye, na mkate mkubwa, na sweta aliyofuma, rangi ya machungwa. "Ukivaa hii hakuna meli itakupiga," alimwambia Chebet, "watadhani ni jua." Mama yangu alicheka mpaka akakohoa. Hajui Kiswahili vizuri, nilimtafsiria.

Maziwa yaliiva vizuri. Chebet alikunywa mkononi mwangu. Yakamwagika kidogo kwenye kidevu, nikampangusa na kidole. Mama yangu akachukua mengine kinywani, akampulizia kifuani, akasema maneno ya baraka. Alisema maneno mengi kuliko ya kawaida. Nadhani mengine hayakuwa ya Chebet.

Baba Chebet alienda nje kuangalia trekta ya jirani. Jirani hakuwa amemuita.

Jumamosi, 29 Mei

Ameondoka na basi la Nairobi. Alikaa dirishani. Alishiba.

Alhamisi, 3 Juni

Kimya. Mvua usiku, asubuhi jua.

Nilimuuliza Baba Chebet, Uingereza ni upande gani. Alifikiri sana, akaonyesha kule kwenye milima ya Cherangani, na mbele tena, akasema, mbele sana.

Asubuhi nimehamisha kiti cha kukamulia, nikakaa upande wa pili wa ng'ombe, nitazame huko. Hakupenda. Amezoea mkono wangu upande mwingine. Akanikanyaga mguu. Nikamshika nundu, nikamwambia avumilie, ni siku chache tu.

Nimemdanganya ng'ombe.