Kobe Wetu Mwenye Nywele za Kijani

Dada yangu Mwanajuma, uliye Mombasa kwa shemeji,

Shikamoo. Nakuamkia kwa adabu tu, maana kwa urefu nimeshakupita, na hapa Maramba nikipita njia wasichana wanageuka. Waulize wao, usimuulize mama.

Leo nilikwenda bwawani kumtazama kobe wetu. Yuko hai, na ile mimea yake imemfunika gamba zima, nyuzi nyuzi za kijani, akiogelea zinamfuata kama ushungi. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpakata ukimchana kwa kitana cha mama? "Tulia mwari, leo unatolewa nje!" Mimi nikishika miguu, akanikojolea mapajani, ukacheka mpaka ukatumbukia majini na kanga zako.

Na yule Mzungu wa mimea je? Nilimtolea Kiingereza changu chote cha darasa la nne, kikaisha yeye bado anafuta hadubini. Akakwangua uzi mmoja, akautazama. Kisha akatuambia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba ni mwani wa maji baridi, wa jamii adimu mno, hauoti ila migongoni mwa kobe. Ukamsukuma, ukachungulia. "Subhanallah! Ali, ni shanga! Shanga za kijani zimetungwa!" Mimi nilipochungulia niliona kope zangu tu. Wewe ndiye uliyenieleza, moja moja, hadi nikaziona.

Sasa sikiliza. Bwawa linafukiwa. Mwenye shamba anataka mkonge ufike barabarani, na vibarua wameshamwaga udongo upande wa migomba. Maji yaliyobaki hayazidi chumba chetu. Nitambeba kobe hadi mto Umba, nani mwingine ana mikono hii? Lakini mto una tope na unakwenda kasi, na Mzungu alisema mwani huo hutaka maji yaliyotulia, yenye jua. Huenda kobe akaishi, nywele zikafa. Na akishaingia mtoni hatutamwona tena.

Kila siku namwambia mnyapara, "Kesho namtoa." Ananicheka: "We Ali, unamngoja nani?" Namwambia simngoji mtu. Mama naye anauliza mbona nakula kidogo, namwambia chumvi imezidi.

Nyumba imekuwa kubwa, dada. Hakuna wa kunisuta. Nikijisifu watu wananisadiki, na hilo halina utamu hata kidogo.

Mwombe shemeji ruhusa, japo ya siku mbili. Mwambie mama anakuulizia, si uongo. Asubuhi nasimama majini vibarua wasimwage. Alasiri, basi la Tanga likifika, nipo kituoni, najifanya napita. Jana nilipita pita hadi utingo akaniuliza, "Kijana, umepotelewa na mzigo gani?" Na mdomo wangu huu wote, nikainama kufunga kamba za viatu, na nimevaa ndala.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia nyumba nzima,
Ali