Majani Meupe ya Memsahib

Jumatano, 8 Aprili 1953

Memsahib ameondoka leo. Motokaa mpaka Nairobi, halafu ndege, halafu Uingereza kumwona Malkia akivishwa taji. Kabla ya kupanda gari alinirudisha sebuleni, kwenye ule mmea wake wa kutambaa — aivi. Unaning'inia kutoka juu ya kabati la vitabu kama ndevu za mzee, na kila jani lina ukingo mweupe kana kwamba mtu alilichovya kwenye uji. Alipewa kijiti chake na mama yake, akakileta kwa meli ndani ya kitambaa kibichi.

Akanifundisha upya, kama si mimi niliyeutunza siku zote. Tia kidole kwenye udongo kwanza, ukiwa umekauka ndiyo umwage maji. Usiuweke juani. Futa majani vumbi. Na chipukizi la kijani tupu likitokea, likate mara moja, maana lina nguvu kuliko yale meupe na litajaza chungu chote.

Nikasema ndiyo Memsahib. Amri kama hiyo nimeisikia siku hizi mahali pengi, na haihusu maua.

Jana mezani Bwana alisema Wakikuyu wote wa hapa wapandishwe lori warudi Nyeri, kama walivyofanya mashamba mengine. Memsahib akasema Mureithi abaki mpaka yeye arudi. Mtu mwenye subira ya kutunza aivi hawezi kuwa amekula kiapo cha Mau Mau. Bwana akacheka. Haya, akasema, mmea ukiwa hai tutamsemea kwa D.O., yule afisa wa wilaya. Ukifa, lori.

Walisema kwa Kiingereza. Mimi sijui Kiingereza, ndiyo sababu nasikia yote.

Nyeri. Nilizaliwa Chepseon, hapa karibu, nyuma ya duka la baba. Nyeri nimeiona kwenye ramani ya Bwana ukutani.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua, halafu mvua ya mawe. Chai ya upande wa mto imechanwachanwa. Bwana ameamuru madirisha ya sebule yafungwe mbao mchana kutwa — anaogopa kitu kurushwa ndani. Nani atarusha? Wakikuyu tuliobaki hapa, baada ya lori kuchukua wengine, ni mimi na mke wangu Nyathira, na Nyathira hawezi kumpiga kuku kwa jiwe.

Lakini sebule sasa ni pango. Aivi haitaki jua, ila haitaki kaburi pia. Nimeihamishia chumba cha kuogea, penye lile dirisha la kioo cha ukungu. Bwana aliuliza kwa nini anaoga na kichaka. Nikasema amri ya Memsahib. Hakuuliza tena. Memsahib akiwa mbali nguvu zake zinaongezeka.

Jumanne, 5 Mei

Chipukizi jipya. Kijani tupu, nene, lenye kiburi. Nimelinyofoa kwa kucha.

Chepkorir, anayefagia nyumba na kufua, alikuwa mlangoni na ndoo.

"Mpishi, mbona unaua ile nzuri na kuacha ile gonjwa?"

"Memsahib ndivyo anavyotaka."

"Huko kwao hawana macho?"

Nikamweleza habari yote — mmea, D.O., lori. Hakucheka. Aliweka ndoo chini. Akasema basi hata yeye atakuwa anautazama, macho manne ni bora, na nikienda nani atamwachia mchuzi wa Jumapili? Mtu mwema. Anapenda mchuzi, lakini ni mtu mwema.

Alhamisi, 21 Mei

Askari wamekuja na karani. Natakiwa boma kwa skrini, ule uchunguzi wa kuwasaka Mau Mau. Naondoka sasa hivi na kipande changu cha utambulisho na blanketi. Nyathira amefunga vitu vyetu kwenye gunia bila kuambiwa. Nimemwambia Chepkorir asimwage maji, udongo bado una unyevu.

Jumamosi, 23 Mei

Nimerudi. Nitaandika kidogo tu.

Tuliketi kwenye nyasi kwa mistari. Mtu mmoja alipitishwa mbele yetu, kavishwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, mtu anachukuliwa. Mbele yangu alisimama muda mrefu. Nikaona viatu vyake, nikavijua; jina la mwenyewe sitaliandika. Viatu vilipita. Jirani yangu alichukuliwa. Wakaniambia nirudi kazini mpaka mwajiri wangu atoe neno lake.

Nikaenda moja kwa moja chumba cha kuogea. Aivi ilikuwa uchi. Kamba tupu zinaning'inia, na majani machache ya kijani karibu na udongo. Meupe hakuna hata moja.

Chepkorir alikuja nyuma yangu anatabasamu, na mumewe Kipngetich, nyapara wa nasari ya miche ya chai, kofia mkononi.

"Rafiki," Kipngetich akasema, "Chepkorir amesema huyu mti akikufa, wewe unaenda na lori. Alikuwa na ukonjwa mbaya sana. Kwa nasari tukiona jani inageuka nyeupe, tunatoa haraka kapla haijapitia wengine. Nimetoa yote. Sasa atapona."

"Yote?"

"Yote. Hata nimechoma nje, isirudi."

Alikuwa ametumia mapumziko yake ya mchana kwa ajili yangu. Alingoja nimshukuru.

Nilimshukuru. Ungefanya nini? Mtu ameingia nyumba ya Mzungu kwa mlango wa nyuma ili kuokoa shingo yako, kwa ujuzi aliofundishwa na Mzungu huyohuyo. Nikampa mkono. Chepkorir aliona uso wangu na kuacha kutabasamu.

Jumanne, 2 Juni

Siku ya taji. Wachuma chai wamepewa sukari. Bwana amekunywa na wenzake klabuni. Mmea umetoa majani mapya, mengi, yenye afya. Yote kijani. Nyathira amelifungua lile gunia, akatoa sufuria, akalifunga tena.

"Baba Wacera," akasema, akiniita kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali, "tunakwenda kufa kwa sababu ya majani?"

Nikamwambia hapana, majani ni sababu ndogo tu. Haikumtuliza.

Nimekumbuka leo: mwaka jana Memsahib alimkatia rafiki yake wa Sotik vijiti vya aivi hii hii. Sotik ni mbali kidogo tu. Lakini Mkikuyu kwenda Sotik bila pasi ya safari ni sawa na kujipeleka mwenyewe kwenye lori.

Ijumaa, 5 Juni

Nimezungumza na Onyancha, Mkisii, dereva wa lori letu, anayeleta siagi kutoka Sotik. Anamjua mpishi wa kule, ni wa ukoo wake.

"Unataka nibebe nini? Majani?"

"Majani."

"Bangi?"

"Maua ya Memsahib."

"Mureithi, wenzako wanasafirisha bunduki, wewe maua. Ndiyo maana wamekuacha."

Atayaleta. Nimempa nusu ya keki ya Bwana. Bwana hajui kwamba keki zina nusu.

Jumatatu, 22 Juni

Vijiti alivyoleta Onyancha vimetoa mizizi ndani ya chupa nyuma ya stovu. Myeupe kabisa, kama uzi. Leo nimevipanda ndani ya chungu katikati ya ile kijani, nikavishikiza kwa pini za nywele za Nyathira. Kijani naipunguza kila siku kidogo. Chepkorir anazuia mlango na ufagio. Kipngetich amekatazwa na mke wake kupita karibu na nyumba.

Kwa mbali unaonekana ni mmea mmoja. Kwa karibu ni uongo, lakini uongo wenye mizizi.

Ijumaa, 10 Julai

Memsahib amerudi. Amekonda. Aliingia sebuleni na kofia kichwani — nilikuwa nimeurudisha mmea juu ya kabati, na Bwana amefungua dirisha moja kwa heshima yake. Akaugusa.

"Oh, Mureithi. Uko hai." Akimaanisha mmea.

Hakuona kitu. Ametazama mara moja, ametabasamu, basi. Nilitaka kucheka. Nyathira alicheka kweli, huko nyumbani, mpaka akakaa chini.

Chakula cha jioni nikapeleka supu. Kando ya kijiko cha Memsahib palikuwa na bastola, ndogo, ya kike. Niliweka sahani kwa uangalifu isiguse. Akamwuliza Bwana, kwa ile lugha nisiyoijua, mbona watumishi bado wako ndani ya nyumba saa hizi? Huko Uingereza amesoma magazeti. Ameona picha. Wale Wazungu waliouawa, akasema, ni mpishi aliyewafungulia wauaji mlango, mpishi waliyempenda.

Bwana akasema, lakini wewe ulisema huyu —

Akasema, nilikuwa sijui.

Nikauliza kama wanataka chumvi.

Jumamosi, 11 Julai

D.O. anakuja Jumatatu kunywa chai. Nimeagizwa nioke skonzi. Habari ya kunisemea haijatajwa. Bwana ananipita kama kiti.

Jumatatu, 13 Julai

Skonzi zimo ndani ya stovu. Asubuhi Memsahib alimwita Chepkorir sebuleni. Mimi nilikuwa napangusa vikombe mlango wa pili. Alimwonyesha kidole kwenye udongo, kitambaa, dirisha. Aligeuza chungu taratibu. Alisema kila jambo mara mbili, kwa upole, kama anavyosema na mtu mpya. Chepkorir aliitikia ndiyo, ndiyo, kana kwamba hajawahi kuuona mmea huo.

Kisha alikuja jikoni, akasimama karibu na meza. Mikono yake ilikuwa na udongo.

"Mpishi, amesema kuanzia leo kazi ya maua ni yangu."

"Nimesikia."

"Sasa wewe unaenda wapi?"

Nikamwambia sasa hivi naenda kufungua stovu kabla skonzi hazijaungua. Akabaki amesimama hapo hapo. Anajifuta udongo kwenye aproni, anajifuta, na motokaa inapanda mlima kwa gia ya kwanza, na nyuma yake kuna kitu kingine kizito, mlio wake ni wa lori.