Fenesi la Siku ya Tisa

Chatsworth, Durban
19 Februari

Kaka yangu mpendwa Poobalan,

Salamu nyingi zikufikie huko Perth, wewe na wifi Shamla, pamoja na huyo mgeni tunayemsubiri. Hali yake wifi ikoje? Miguu bado inamvimba? Mwambie asiiname kufua, na akikaidi mwambie ni mimi niliyesema. Sisi huku tu wazima, ila Baba ana malengelenge nyayoni, na mimi situlii. Barua hii nimeianza mara nne. Naandika mistari miwili, nainuka kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa, narudi. Simu nimekupigia mara tatu nikakata kabla hujapokea. Ndiyo maana nampa binamu Sagren karatasi hii, anapanda ndege Alhamisi.

Duka linakwenda. Bani ya Baba unaijua: miaka arobaini anatoboa mkate wa boflo na kuujaza vitu vitatu tu, kondoo, kuku au maharage, na anayetaka cha nne akatafute duka lingine. Mwaka jana magoti yalipomshinda akaniachia jiko, nami nikaanza utundu wangu. Nikajaza maini na njegere. Nikajaza makongoro yaliyopikwa na maharage mpaka yakanata vidoleni. Nikajaza dagaa wa ukwaju, na watu wa zamu ya asubuhi wakapanga foleni mpaka kwa kinyozi. Baba akipita anaonja kwa ncha ya kidole na kuondoka kimya. Kwa wateja ndiko alikopata maneno: binti yangu, aliwaambia, ameugeuza mkate kuwa jaa. Mwaka mzima sikupata neno jema hata moja. Ukitaka ukweli, ni miaka thelathini na minane.

Kisha nikajaribu fenesi bichi. Bwana Ntuli, yule dereva wa basi, akamega, akatafuna, akanitazama.

“Dada Vasugi, nimekukosea nini? Natoa pesa ya nyama, unanipa tunda.”

Duka zima likacheka, na yakaniingia. Siku iliyofuata nikalipika upya kwa supu ya mifupa ya kondoo iliyochemka tangu alfajiri, na Ntuli akala robo mbili za mkate bila kuinua kichwa. Ubaoni nikaandika “Fenesi”, basi, bila maneno zaidi.

Nao mfungo wa kavadi ulikuwa umeanza. Unajua Baba aliweka nadhiri ya kubeba kavadi begani mwaka huu, lile tao zito la mbao na maua, na magoti yake hayohayo, kwa ajili ya mtoto wenu. Baada ya wale wawili mliowazika, alisema, huyu lazima aombewe kwa mwili, mdomo peke yake hautoshi. Siku kumi asiguse nyama, na alale sakafuni. Chungu cha maharage nilikitenga kwa ajili ya wanaofunga, na upawa wake nikaufunga uzi wa manjano, kama marehemu Mama alivyotufundisha.

Siku ya tisa Baba akaingia dukani mchana, njaa imemkausha midomo. Akaliona fenesi. Kwetu anayeona fenesi haulizi, maana ndiyo nyama ya wafungao, na nani mwenye akili angelitia mifupa? Akamega mkate, akachovya, akala. Akavuta kreti ya soda, akaketi, akamaliza robo nzima. Halafu akasema mbele ya watu wote, “Vasugi, hapa hata mama yako hakufika.”

Jumapili akabeba kavadi mpaka hekaluni, pekupeku juu ya lami ya moto. Tangu hapo kazi yake ni kuusifia mtaa mzima mchuzi wangu. Juzi akaja na habari kwamba amewaahidi watu wa hekalu nitawapikia fenesi hilohilo kwenye mfungo wa Aprili, masufuria matano. Hapo maji yakanifika shingoni. Jana nikamwambia, tukiwa wawili tu, kwamba fenesi lile lilikuwa na supu ya mifupa, na kwamba mimi nilikuwa nyuma namenya vitunguu, sikumwona akichovya. Hakunigombeza. Aliziangalia nyayo zake, akasema, “Basi nadhiri haijatimia. Nitabeba tena Aprili.” Ana miaka sabini na miwili, kaka.

Sasa nikwambie nililomficha. Sikuwa nyuma. Nilikuwa nimesimama mbele yake na upawa mkononi. Nilimwona akimega, nikamwona akipeleka mkono chunguni, na nafasi ya kusema neno moja ilikuwapo. Nilijua ana nadhiri, na nilijua ni ya nani. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kusikia atasema nini.

Kesho kabla hatujafungua duka nitamwambia na hili, na nitamwomba aniachie mimi hiyo kavadi ya Aprili. Nimeanza na wewe kwa sababu mtoto ni wako. Ukitaka kunikasirikia, una haki. Ila wifi asijue mpaka ajifungue salama. Wala sitakudanganya na wewe. Nimejuta, nalia nikipika, na bado kila nikilikumbuka lile neno la Baba moyo wangu unafurahi. Hilo ndilo linaloninyima utulivu.

Mwekee wifi mkono tumboni kwa niaba yangu. Baba anawasalimu sana, na anauliza kama mmeshachagua jina.

Ni mimi dada yako,
Vasugi