Aliye Juu ya Paa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na hao watoto wanaoniita shangazi bila kuniona. Kama kuna anayeumwa kichwa hapo kwako, basi kiwe cha uchovu tu. Sisi huku miili haijambo, ila Mama magoti yanamsumbua akikaa sana, nami macho yameanza kunidai miwani kwa sababu ya kutunga uzi.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi, ambapo watu wanapeana hata habari za msiba kwa simu. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikigusa habari ya paa, mtandao kwako unaanza kusumbua. Mtandao gani huo unaosikia umbea wote wa majirani, halafu tukifika kwenye paa unakatika? Karatasi haikatiki. Kaa chini uisome mpaka mwisho, na ukiona inakulemea iweke kando, unywe maji, kisha uirudie.

Unaikumbuka televisheni ya Baba, ile nene yenye mgongo kama kifua cha mnyanyua vyuma. Tangu siku aliyoanguka kutoka paani akafariki, ilionyesha vizuri miaka yote. Antena ilibaki ikitazama palepale mkono wake ulipoiacha, na Mama hakumruhusu mtu yeyote aiguse, hata wale waliokuja kupaka bati rangi walilipaka wakaizunguka. Kisha mitambo ya zamani ikazimwa, watu wakanunua ving'amuzi, na televisheni yetu ikabaki chenga tupu. Nilidhani Mama ataiweka stoo. Kumbe wapi. Kila siku baada ya chakula cha mchana anaiwasha, anajifunika shuka magotini, anazitazama zile chenga kama anayetazama taarifa ya habari.

Mimi cherehani yangu iko hapohapo sebuleni, dirishani, nashona sare za shule. Ndiyo maana nilimsikia. Alikuwa ananyanyua uso kuelekea darini, polepole tu, anasema, "Bado." Anashusha uso, anaendelea kutazama. Mwanzoni nilidhani ananijibu mimi, nikamuuliza bado nini. Akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba Baba anauliza.

Kaka, ulipata kuniambia siku moja jinsi Baba alivyokuwa akiuliza kutoka juu. "Vipi sasa?" Wewe mbele ya kioo unajibu kwa kelele, bado, bado, rudisha kidogo, imekuja. Mimi siku ile nilikuwa shuleni. Wewe ulibaki nyumbani kwa homa, na Mama, kama tulivyoambiwa sote, alikuwa uani anafua. Kwa hiyo yote niliyoyajua niliyapata kwako, na wewe hukusimulia mara ya pili. Ulisema picha ilikuja, ukapiga kelele ya furaha, kisha ikapotea tena, ukamwambia ageuze kulia, na hapo hapo ukasikia kishindo. Toka siku hiyo umejibebesha kifo cha Baba. Wifi aliniambia kwamba hamna televisheni nyumbani, na kwamba watoto wakikuuliza unawaambia inaharibu macho.

Basi nikaanza kusikiliza. Sikatai, kuna sauti. Upepo ukivuma kidogo tu, kunatoka mlio huko juu, mfupi, unapanda mwishoni, kisha kimya. Halafu tena. Unafanana kabisa na mtu anayeuliza swali na kungoja ajibiwe. Nilijiambia ni bomba la antena limelegea. Lakini kujiambia ni jambo moja, na kushona vifungo peke yako chini ya dari inayokuuliza swali ni jambo lingine. Niliogopa, kaka. Siku moja Mama alikuwa amesinzia, mlio ukaja mara nyingi mfululizo kama wa mtu aliyechoka kungoja, na nikajikuta nimejibu mimi. Nilisema "Bado," kisha nikatoka nje na mkasi mkononi, nikakaa kibarazani mpaka alipoamka.

Kilichonifanya nichukue hatua ni mambo mawili. Fundi baiskeli wa jirani aliniita barabarani akaninyooshea kidole juu ya paa letu. Mlingoti wa antena ulikuwa umeinama upande wa nguzo ya umeme. Waya mmoja wa kuushikilia ulikuwa umekatika kwa kutu na unaning'inia. Akaniambia ukianguka ule, utalalia nyaya za umeme, na bati lote la nyumba litakuwa na moto wa kuua. Jambo la pili lilikuwa kesho yake. Nilirudi kutoka dukani nilikokwenda kuchukua zipu, nikamkuta Mama uani anaikokota ile ngazi ya zamani kutoka ukutani. Mwanamke wa magoti yale! Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Baba amekaa juu muda mrefu mno, anakwenda kumsaidia.

Nilimwita fundi wa antena anayeitwa Polepole. Jina hilo hakujipa, amepewa na wateja waliomkasirikia. Siku ya kwanza alifika, akapapasa bati la chini, akasema limelowa kwa umande, akaondoka. Aliporudi kulikuwa na upepo, akaondoka tena. Nilimuuliza kama anangoja paa limwombe radhi. Akacheka tu, akasema yeye hapandi penye maji, hapandi penye upepo, na hapandi mpaka ajue nyaya za umeme zimepita wapi. Hatimaye siku moja tulivu, bati kavu, akaegesha ngazi yake upande ulio mbali na nguzo, akajifunga kamba kiunoni, akapanda kutazama tu. Mlingoti hakuugusa.

Aliposhuka alikuwa na swali usoni. Aliniuliza ni fundi gani aliyeifunga antena ile. Nikamwambia ni baba yetu, na alikuwa fundi saa. Akasema inaonekana, maana kazi ni safi. Nati zote zimekazwa mpaka mwisho na kutu imezishikamanisha. Waya wa picha umebanwa kwa vibanio kutoka kwenye mlingoti, umeshuka juu ya bati ukiwa umenyooka, mpaka ukingoni upande wa uani. Kibanio cha mwisho kiko pale ukingoni kabisa, mkono wa mtu aliyesimama ngazini ndio unaofika pale. Akasema, aliyefanya haya alikuwa amemaliza kazi na anashuka.

Nikamwambia haiwezekani, baba yetu alianguka akiwa anageuza antena, kaka yangu ndiye aliyemwambia ageuze. Akatikisa kichwa kwa adabu. Akasema antena iliyokazwa vile haigeuzwi kwa mkono, mpaka nati zilegezwe kwanza kwa spana, na hizo hazijaguswa tangu zikazwe. Picha ikicheza mwishoni, mara nyingi ni kwa sababu mtu anauvuta waya akiubana. Mwenyewe hana habari na anayepiga kelele ndani. Ameshasikia kwamba imekuja, anataka kushuka akaione.

Kaka, isome tena sehemu hiyo. Mimi nilimrudisha aniambie mara ya pili.

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza. Polepole akaiendea ngazi yetu ya zamani, akaigeuza, akatazama miguu yake, mbao tupu isiyo na mpira. Akasugua sementi ya uani kwa soli ya kiatu, kuonyesha jinsi ilivyo laini na yenye utelezi. Akasema ngazi hii hapa haisimami bila mtu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama fundi anavyouliza, siku ile aliyeshika ngazi alikuwa nani.

Miaka yote hii, kaka, kuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo? Majirani walikuja, wazee wa familia walikaa, wewe ulilia mpaka sauti ikakauka, na sote tukatazama juu ya paa. Hakuna aliyetazama chini.

Mama akasema, "Mimi."

Alisema Baba alimwomba aache kufua, amshikie ngazi kwa sababu sementi ilikuwa na maji ya sabuni. Akaishika muda wote, mikono yote miwili. Kisha akasikia kelele yako, imekuja, imekuja, safi kabisa! Televisheni ilikuwa mpya, hakuwahi kuona picha ikiwaka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaona Baba yuko mbali bado, kule kwenye mlingoti. Akasema ngoja nichungulie mara moja tu dirishani. Aliona watu wanacheza ngoma kwenye kioo, na wewe umesimama mbele yao na blanketi mabegani, unaruka. Anasema alicheka, akakaa pale kuliko alivyokusudia. Alikuwa bado anacheka aliposikia ngazi inateleza.

Alikukuta unalia kwamba umemuua Baba, na hakufungua mdomo. Anasema alitaka kusema siku ya mazishi, kisha baada ya mazishi, kisha ukaenda shule ya bweni, kisha ukaoa. Kila ulipokosa kuja nyumbani alijua sababu, na akazidi kunyamaza. Nilimkasirikia, kaka. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake, mbele ya mgeni, na Polepole wa watu akaenda kukunja kamba yake nyuma ya nyumba.

Nilipotulia nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa moyoni. Kama anaamini Baba yuko juu anatafuta picha, kwa nini asimwambie imekuja, apumzike? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Akasema, "Nikimwambia imekuja atashuka. Na ngazi haina mtu."

Sikuweza kushona siku hiyo.

Kazi yenyewe ilifanyika juma lililofuata. Watu wa umeme walikuja kukata moto kwenye nguzo, Polepole akauteremsha mlingoti wa zamani kwa kamba, taratibu, kama anayemshusha mgonjwa kitandani. Moto ukarudishwa. Ule mpya, mfupi zaidi, aliulaza kwanza chini uani, akapima nao mpaka akaridhika kwamba hata ukianguka upande wowote hautafika kwenye nyaya. Akaufunga upande wa pili wa paa, na waya mwingine mnene akauteremsha mpaka kwenye nondo aliyoipigilia ardhini, ya kupokea radi. Hataki mtu wa kumpigia kelele kutoka ndani. Ana kifaa kidogo cha kupimia mawimbi, na anasema aliye juu akishughulishwa na ya chini anasahau miguu yake.

Ngazi aliomba tuishike. Nilimwambia Mama akae, nitashika mimi. Hakunisikiliza. Alishika upande mmoja, mimi mwingine. Kutoka pale tulipokuwa, dirisha la sebuleni lilionekana. Televisheni mpya niliyoichukua kwa ajili yake, yenye king'amuzi ndani, ilikuwa imewashwa, kioo cheusi kitupu. Mara picha ikaja, mtu anasoma habari, safi, rangi zote. Mama aliiona. Shingo iligeuka kidogo tu, miguu haikusogea.

Akainua uso, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu mezani, "Imekuja. Shuka, nimeshika."

Sasa kaka, sikulazimishi kuamini. Siku ile hakukuwa na upepo, maana kama ungekuwepo Polepole asingepanda. Ngazi ilianza kutikisika mikononi mwangu. Kwanza juu kabisa, kisha chini kidogo, kisha chini zaidi, kwa uzito, jinsi inavyotikisika mtu anaposhuka bila haraka. Nikatazama juu kumwona Polepole anashuka. Polepole alikuwa mbali, kwenye mlingoti, ametupa mgongo, anazungushia tepu waya. Mtikisiko ukafika usawa wa kifua changu, ukafika chini. Mama akaachia mkono mmoja, akasogea pembeni kidogo, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye njia nyembamba. Kisha akaushika tena mguu wa ngazi, akamngojea fundi.

Tangu hapo hajasema "Bado." Mchana anatazama habari na kugombana na wasomaji. Ila juzi alisema nyumba imekuwa kimya mno, na nikaona analia, nikakaa naye.

Hukumwangusha Baba, kaka. Hakuwa anakusikiliza hata kidogo, alikuwa anakuja kuangalia televisheni na wewe.

Mama amenituma nikuandikie kwa sababu mkono wake hautulii kwenye kalamu. Haombi umsamehe kwa barua. Anataka uje akuambie mwenyewe, na anachoogopa ni kwamba, kwa jinsi anavyokujua, utamsamehe kabla hajamaliza kusema. Mwache amalize.

Msalimie sana wifi, mwambie lile gauni lake liko tayari ila nimeliachia nafasi kiunoni, ajue mwenyewe kwa nini. Wabusu watoto. Fundi baiskeli anakusalimia, na Polepole pia, ingawa hakujui.

Mama ananiambia nisifunge bahasha mpaka nikuandikie kwamba yuko uani, amekaa, anakungoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mshonaji